Kipimo cha bibi wa Shropshire

Kidonge cha digoksini, dawa ya moyo, kikianguka sakafuni utakitafuta kwa tochi. Dawa yenyewe iliyomo ndani ni robo ya miligramu tu. Gramu moja inatosha vidonge 4,000. Shangazi yangu alikimeza kwa miaka kadhaa baada ya moyo wake kupanuka na miguu kuanza kuvimba. Kila asubuhi, kabla ya kumpa, binti yake alimshika mkono, akaikazia macho saa ya ukutani na kuhesabu kimyakimya. Mapigo yakiwa chini ya 60 kwa dakika, kidonge kilirudi koponi. Shangazi hakupendezwa hata kidogo. "Dawa yangu, hela yangu, halafu mnaniwekea masharti kama ya mganga!"

Hakuwa mbali na ukweli. Masharti yale yaliwekwa na daktari mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, aliyeanzia kwenye mitishamba ya bibi kizee wa kijijini. Kisa hiki nimekisikia kikitumiwa na pande zote mbili za ugomvi wetu usiokwisha kuhusu dawa za asili. Mmoja atasema: mnaona, hata dawa za hospitali ni majani, wasomi waliwapora akina bibi wakayatia kwenye kopo. Mwingine atajibu: bibi alikuwa akibahatisha tu, dawa ililetwa na sayansi. Kwa maoni yangu wote wawili wameruka ukurasa mmoja, tena ukurasa wenyewe ndio huo.

Mmea unaozungumzwa hauoti porini kwetu pwani, na Kiswahili hakina jina lake. Huko Ulaya huota kando ya njia na kwenye vichaka, na watu huupanda bustanini kwa uzuri wake: bua refu hata kumfikia mtu mzima, limejaa maua ya zambarau yaliyoinama kama kengele, kila moja na madoadoa kooni. Waingereza waliuita glavu ya mbweha. Wajerumani waliuita kofia ya kidole, yaani kastabini ile ya mshonaji, na mwaka 1542 mtaalamu wao wa mimea, Leonhart Fuchs, akaligeuza jina hilo kuwa la Kilatini, Digitalis. Nami nitauita kastabini, kwa kuwa ukilichomeka ua lake kwenye ncha ya kidole linakaa sawasawa. Usijaribu, au ukijaribu nawa mikono: kuanzia jani hadi mbegu, mmea wote ni sumu.

Sasa bibi. Mwaka 1775 William Withering, daktari wa miaka 34, aliulizwa anaionaje dawa moja ya kifamilia ya kutibu safura. (Safura ya hapa ni ile ya Luka 14, mwili kujaa maji, siku hizi neno limehamia zaidi kwenye ugonjwa wa minyoo.) Dawa ilikuwa siri ya kikongwe mmoja wa mkoa wa Shropshire, na ilijulikana kwamba aliwahi kuponya wagonjwa walioshindikana kwa madaktari. Mchanganyiko wake ulikuwa na mitishamba 20 au zaidi. Wagonjwa walitapika na kuharisha kwa nguvu, kisha uvimbe ukashuka. Withering alikuwa mtu wa mimea. Akiwa mwanafunzi Edinburgh somo hilo halikumvutia kabisa, lakini baadaye alianza kumchumia maua binti mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, Helena Cookes, ambaye alipenda kuyachora. Akamwoa, na elimu ya mimea ikabaki nyumbani. Mwaka 1776 alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya Uingereza. Kwa jicho hilo, alisema, haikuwa vigumu kuona kwamba katika ile mitishamba yote ni kastabini peke yake iliyokuwa ikifanya kazi.

Wasimulizi wengi hufunga kisa hapo kwa makofi. Kwangu mimi mpaka hapo bado hakijagunduliwa kitu. Kastabini ilikwisha kuandikwa katika vitabu vya dawa vya Kiingereza tangu zamani, kwa vidonda, kwa kikohozi, hata kwa kifafa, na mwaka 1650 ilikuwa kwenye orodha rasmi ya dawa ya London. Watu waliitumia, wengine wakapona, wengine wakafa, na hakuna aliyejua tofauti imetoka wapi. Bibi wa Shropshire naye aliirithi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mmea huo mmoja kwa miaka na kuuliza maswali ya kuchosha: jani lipi, lichumwe lini, liandaliwe vipi, mgonjwa apewe kiasi gani, na asimamishwe lini.

Withering alikaa nao miaka 10. Kila siku alitenga saa moja ya kuwatibu maskini bure, na wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa hao. (Hilo nalo lina uzito wake: waliojaribiwa kwanza ni wale wasiokuwa na sauti ya kukataa.) Alianza kwa kuchemsha majani, akaona kuchemsha kunabadilisha nguvu ya dawa. Akahamia kuyaloweka kwenye maji ya moto kama chai, mwisho akapendelea unga wa majani makavu. Aligundua kwamba nguvu ya jani hupanda na kushuka kwa majira ya mwaka, basi akaamua majani yachumwe wakati maua yanapofunguka. Dozi zake za mwanzo zilikuwa kubwa mno na zenye kufuatana mno, naye alilikiri hilo mwenyewe. Polepole akashuka hadi punje moja mpaka tatu za unga, mara mbili kwa siku. Punje katika mizani ya Kiingereza ni kama miligramu 65.

Kisha akatoa kanuni ambayo, kama ningeulizwa, ndiyo ningeiita ugunduzi wenyewe: endelea kumpa mgonjwa mpaka dawa iguse figo, au tumbo la chakula, au mapigo, au matumbo; dalili moja tu ya hizo ikitokea, acha mara moja. Maana yake usingoje atapike ndipo uamini kwamba dawa inafanya kazi. Kwa bibi, na kwa madaktari wengi wa wakati ule, kutapika kulikuwa ushahidi kwamba dawa ni kali na ugonjwa unatoka. Withering alikusoma kutapika kama kengele ya hatari. Aliorodhesha yanayompata aliyezidishiwa: kichefuchefu, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vina rangi ya kijani au manjano, mapigo kushuka hata 35 kwa dakika, jasho baridi, degedege, kuzimia, kifo. Orodha hiyo ina zaidi ya karne mbili na daktari wa leo hana la kufuta. (Wako wanaodai kwamba Van Gogh alipaka manjano nyingi kwa sababu ya dawa hii, maana alimchora daktari wake mwaka 1890 akiwa na kijiti cha kastabini mezani. Ushahidi kwamba aliinywa hakuna. Huenda aliipenda manjano tu.)

Katika kitabu chake kuna kisa kimoja ambacho natamani kingebandikwa kwenye kila duka la dawa za asili, na kwenye kila duka la dawa za hospitali pia. Aliitwa kumwona mfanyabiashara mmoja msafiri, mtu wa Yorkshire. Akamkuta anatapika mfululizo, macho hayaoni sawasawa, mapigo 40 kwa dakika. Walipouliza, ikajulikana kwamba mkewe alichukua konzi kubwa ya majani mabichi ya kastabini, akayachemsha kwenye maji kidogo na kumpa mumewe ayanywe yote kwa mkupuo, apone pumu. Mume aliponea chupuchupu. Withering hakumcheka mwanamke huyo wala hakumwita mshirikina. Alisema tu kwamba mama huyu mwema aliijua dawa ya nchi yake, ila hakukijua kipimo chake.

Sasa ule ukurasa unaorukwa. Mwaka 1785 Withering alichapisha hesabu yake yote: wagonjwa zaidi ya 150, mmoja baada ya mwingine, umri, ugonjwa, dozi, matokeo. Katika utangulizi anasema ingekuwa rahisi kuchagua visa vilivyofanikiwa, vimpambe yeye na dawa yake, lakini ukweli na sayansi visingemkubalia. Kwa hiyo akaandika kila mgonjwa aliyempa kastabini, aliyestahili na asiyestahili, aliyepona na aliyekufa. Wamo aliowazidishia. Wamo ambao dawa haikuwafanya lolote. Daktari aliyekuwa akiishi kwa sifa zake mjini Birmingham, mwenye wateja matajiri, aliwatangazia wote makosa yake kwa chapa, ili mwingine asiyarudie. Alikuwa na haraka pia, kwa sababu kastabini ilikwisha kuingia kwenye vitabu vya dawa vya Edinburgh na watu walikuwa wakiipima kwa kukisia. Alihofu mambo mawili: kwamba itaua watu, na kwamba baada ya kuua itatupwa kama dawa mbaya, nayo ni dawa nzuri.

Kitabu hicho hicho ndicho kinachomtaja bibi. Jina lake hakulipata, au hakulijali. Aliandika tu kikongwe wa Shropshire. Lakini alimtaja, wakati angeweza kunyamaza kama mwenzake. Erasmus Darwin, daktari mashuhuri na babu yake Charles Darwin yule tunayemjua, ndiye aliyemvuta Withering kuhamia Birmingham, na mwaka 1776 walikuwa pamoja kitandani pa mgonjwa mmoja alipopewa kastabini. Mwaka 1780 Darwin akachapisha maandishi ya mwanawe aliyefariki, akaambatanisha visa vya kastabini. Mapema 1785 akasoma mada kuhusu dawa hiyo mbele ya madaktari wa London. Withering hakutajwa. Bibi ndiyo kabisa. Sidhani ni bahati kwamba aliyekuwa tayari kuandika waliokufa mikononi mwake ndiye pia aliyeandika alikoitoa dawa. Ni tabia moja. Daftari likianza kuchagua, huchagua kote.

Jina la bibi lilikuja baadaye, na lilikuja kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1928 kampuni ya dawa ya Marekani, Parke-Davis, ilitoa tangazo lenye picha ya Withering akipokea majani kutoka kwa ajuza, na ajuza akapewa jina: Mama Hutton. Picha ilipendeza, jina likaingia vitabuni, vizazi vya wanafunzi wa udaktari wakalikariri. Hakuna mtu wa jina hilo katika maandishi ya Withering. Alibuniwa kuuza dawa. Anayelalamika kwamba akina bibi waliporwa, nakubaliana naye, ila aangalie vilevile jinsi biashara inavyoweza kumrudisha bibi akiwa mwanasesere.

Baada ya Withering kufariki mwaka 1799 (kaburi lake lilipambwa kwa ua la kastabini), mambo yakawa yale yale aliyoyaogopa. Karne ya 19 ilimwaga kastabini kwa kila kitu: kifua kikuu, kichaa, homa. Majani ya shamba moja yalikuwa makali kuliko ya shamba la pili, na ilipofika karne ya 20 maabara zilikuwa zikipima nguvu ya kila shehena kwa kuwachoma vyura sindano ya dawa hiyo na kuhesabu wanaokufa. Mwaka 1930 mkemia Sydney Smith wa kampuni ya Burroughs Wellcome aliipata digoksini kutoka kwa ndugu wa kastabini, ile yenye manyoya ya sufi inayoota nchi za Balkani. Hapo ndipo kidonge cha shangazi kilipozaliwa. Hadi leo kiwanda hakiitengenezi kuanzia mwanzo. Huanza na majani ya shambani.

Namna inavyofanya kazi ilieleweka polepole zaidi. Withering aliona ina nguvu juu ya mwendo wa moyo kuliko dawa yoyote iliyojulikana, lakini bado aliiona hasa kama dawa ya kukojosha maji. Alikosea sababu, akapatia kipimo. Mwaka 1957 Mdenmark Jens Skou aligundua pampu ndogo kwenye ngozi ya seli, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Digoksini huikwamisha pampu hiyo. Sodiamu inajaa, kalsiamu inabaki ndani ya msuli, na msuli wa moyo unajikunja kwa nguvu zaidi. Mshipa wa fahamu unaotuliza moyo nao huchochewa, mapigo yanapungua. Ila pampu hiyo haipo moyoni tu, ipo katika kila seli ya mwili. Ndiyo maana njia kati ya kutibu na kuua ni nyembamba hivyo: madaktari hupenda kuona kati ya nanogramu 0.5 na 0.9 (nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni) katika mililita ya damu, na ikifika 2 mgonjwa yumo hatarini. Figo za mzee zikichoka kidogo, dozi ya jana inakuwa sumu ya leo bila mtu kuongeza chochote.

Hapa ndipo kisa kinapopita mlangoni kwetu. Mwaka 1858 daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk aliandamana na Livingstone kwenye mto Zambezi. Huko aliikuta sumu ya mishale iliyoitwa kombe. Inasimuliwa kwamba alitia mswaki wake mfukoni pamoja na sumu hiyo, na alipoutumia akasikia uchungu mdomoni na kuona mapigo yake ya moyo yamebadilika. Sampuli zikaenda Edinburgh, Thomas Fraser akazichambua, na ikatoka dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Kirk huyo ndiye aliyekuja kuwa konsuli wa Uingereza Unguja, mwenye bustani ya mimea kule Mbweni, aliyembana Sultani Barghash mwaka 1873 afunge soko la watumwa. Upande wa Pembe ya Afrika, Wasomali walikuwa na sumu ya mishale waliyoiita waabaayo, kutoka kwa mti wa jamii ya msunguti wetu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akaisafisha kuwa uabaini, nayo pia ikatumika kutibu moyo. Zote hizi hukwamisha pampu ile ile. Wawindaji waliochemsha msunguti mpaka ukawa kama lami walijua sumu hiyo inaua ikiingia kwenye damu, na nyama ya mnyama aliyechomwa nayo inalika. Hiyo ni elimu ya kipimo na ya njia ya kuingiza dawa mwilini, walikuwa nayo kabla ya Fraser. Yakabaki majina ya mimea katika vitabu vya dunia, kombe na uabaini. Ya watu, hata moja.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mababu zetu hawakujua kitu, simwelewi. Nikisikia mwingine anasema kwa kuwa mababu walijua basi mimi ninywe tu, simwelewi zaidi. Nakumbuka mwaka 2011, Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wengine walifia njiani. Wataalamu wa serikali walikwenda kuangalia kama kinywaji ni salama. Sina haja ya kumsimanga marehemu. Alikuwa mtu mpole na bei yake haikuwa ya mwizi. Kinachonikera mpaka leo ni kikombe. Kilikuwa kimoja, mara moja, kwa sukari, kwa saratani, kwa pumu, kwa UKIMWI, kwa mzee wa kilo 45 na kwa dereva wa kilo 100. Aliyekunywa alipanda gari akaenda zake. Mugariga, kwa taarifa ya msomaji, ni wa ukoo mmoja na msunguti, na matunda yao yanafanana kiasi cha kumchanganya asiyeyajua.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba asili tangu 1974. Si kwamba hakuna kinachofanyika. Ila mjadala wa mitaani, wa redioni na hata bungeni huzunguka swali moja: inaponya au haiponyi? Withering asingeuliza hivyo. Angemwomba mganga daftari. Wangapi walikuja, uliwapa kiasi gani, jani la mwezi gani, nani alirudi, nani hakurudi, na uliwafuata wasiorudi? Mganga mwenye shuhuda 40 za waliopona hajaniambia chochote. Hata mke wa yule wa Yorkshire, mumewe angepona pumu, angekuwa na ushuhuda. Niitie mganga mwenye orodha ya walioshindikana, nami nitakaa kwenye mkeka wake nisikilize mpaka jioni. Na daktari anayempa mgonjwa digoksini bila kumwambia habari ya kuhesabu mapigo na bila kupima figo zake, naye ameshika konzi ya majani tu, koti jeupe lisitudanganye.

Wapo wanaodhani dawa hii imekwisha kuwa ya makumbusho. Mwaka 1997 jaribio kubwa la Marekani na Kanada, wagonjwa 6,800 wenye moyo dhaifu, lilionyesha kwamba digoksini haipunguzi vifo kwa jumla, ingawa inapunguza kulazwa hospitali. Baada ya hapo ilisukumwa pembeni na dawa mpya. Kisha mwaka 2025, miaka 250 tangu Withering aulizwe kuhusu ile dawa ya Shropshire, madaktari wa Ujerumani na wenzao wa Austria na Serbia walitoa hesabu ya dada yake digoksini, digitoksini, itokayo kwenye kastabini hizo hizo. Wagonjwa 1,212, nusu walipewa dawa kwa dozi ndogo iliyorekebishwa kwa kupima damu, nusu kidonge kitupu. Upande wa dawa, waliokufa au kulazwa kwa moyo kuzidiwa walikuwa asilimia 39.5, upande wa kidonge kitupu, 44.1. Vifo vyenyewe vikitengwa: kwa waliomeza dawa, kati ya watu 613, walikufa 167. Wameandikwa wote.